Waifai ikilalamikia memori kwenye Linux, usikimbilie kununua RAM

Wateja wengi wanaoniletea laptop hapa Sinza wanafika na hukumu tayari: "Fundi, waifai inakatika, imeandika mambo ya memori, nimeambiwa RAM imekufa." Mara nyingi RAM ni nzima kabisa. Kadi ya waifai haisubiri prosesa iibebee data. Inasoma na kuandika yenyewe moja kwa moja kwenye RAM, na hapo ndipo ugomvi unapozuka. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, tafuta kwanza nani aliyelalamika.

Hifadhi ushahidi wakati tatizo bado bichi:

`sudo dmesg -T > ~/kosa.txt`

Kama mashine iliganda ukalazimika kuizima, maneno ya mara iliyopita utayapata kwa `journalctl -k -b -1`. Halafu andika `lspci -nnk`, tafuta mstari wa Network controller, unakili anwani ya kadi iliyo mwanzoni, mfano 02:00.0, na jina la draiva lililo chini yake. Anwani hiyo utaihitaji kila hatua.

Sasa fungua kosa.txt. Ukikuta `AMD-Vi` pamoja na `IO_PAGE_FAULT`, au kwa mashine za Intel `DMAR` na maneno `fault addr`, aliyelalamika ni IOMMU. Huyu ni kama askari wa geti: kila kifaa kina sehemu ya RAM kilichoruhusiwa kuingia, na kadi yako imekutwa inagonga nyumba isiyo yake. Hakikisha anwani iliyotajwa kwenye mstari huo ni ya waifai kweli, maana nimeshaona watu wanahangaika na waifai kumbe aliyekamatwa ni kadi ya video.

Dawa ya kwanza hapa ni kusasisha keneli (kiini cha Linux) na femwea (programu inayoendesha kadi kwa ndani). Kama waifai ndiyo iliyokufa, chomeka simu kwa waya wa USB na ushee intaneti, Linux itaiona kama mtandao wa waya. Angalia bando lako kwanza: kwenye Ubuntu kifurushi cha `linux-firmware` kinakula mamia ya megabaiti. Wa Debian wana nafuu, wanachagua `firmware-iwlwifi`, `firmware-realtek` au `firmware-atheros` peke yake.

Ikigoma, jaribu hivi. Washa mashine, kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kabla Linux haijawaka) bonyeza herufi e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `iommu=pt`, kisha Ctrl+X. Jaribio hili linakaa mpaka utakapozima tu, halina madhara ya kudumu. Makosa yakikoma, fahamu kwamba draiva bado ina kasoro yake, umeifungulia geti tu. Kuna wanaoshauri `amd_iommu=off` au `intel_iommu=off` moja kwa moja. Kwa kupima, sawa. Kuiacha hivyo kwenye mashine ya kazi siipendi, kwa sababu umemfukuza mlinzi wa vifaa vyote kwa ajili ya kimoja.

Mlalamikaji wa pili ni keneli yenyewe: `BUG: unable to handle page fault for address`, kisha rundo la mistari. Usiogope urefu wake. Tafuta mstari wa `RIP:`. Jina lililo kwenye mabano ya mraba ni la moduli (kipande cha keneli, kama draiva) iliyokuwa inafanya kazi pale ajali ilipotokea. Likiwa la draiva ya waifai, uliza `dkms status`, inayoorodhesha draiva zilizojengwa nje ya keneli. Draiva iliyoshushwa mtandaoni na kujengwa kwa mkono huwa inakorofisha baada ya keneli kubadilika; ing'oe, utumie ile iliyomo ndani ya keneli kama kadi yako inatambuliwa. Kama ni ya keneli yenyewe, rudi kwenye keneli ya zamani kupitia Advanced options za GRUB ulinganishe. Lakini jina likibadilika kila mara, leo waifai, kesho sauti, keshokutwa mfumo wa mafaili, hapo sasa RAM ina kesi ya kujibu. Iwekee Memtest86+ usiku kucha.

Wa tatu ndiye ninayekutana naye zaidi Dar. Utaona `0xffffffff` mara kwa mara, au `Unable to change power state from D3cold to D0, device inaccessible`. Prosesa ikisoma kifaa kisichojibu kwenye PCIe (njia inayounganisha kadi kama ya waifai na prosesa), inarudishiwa biti za 1 tupu, na hizo ndizo hizo f zote. Kadi imepotea njiani. Unaweza kuifufua bila kuwasha upya, ukiweka anwani ya kadi yako badala ya 02:00.0:

`echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/remove`
`echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan`

Ikirudi, shuku kubana umeme. Pima kwa `pcie_aspm.policy=performance` kule GRUB, inayozima ASPM, yaani ubanaji umeme wa PCIe. Ikitulia, usizime kwa mashine nzima, betri italia. Izime kwenye draiva ya kadi tu. Fungua faili `/etc/modprobe.d/waifai.conf`, uandike `options rtw88_pci disable_aspm=1` kwa wenye rtw88, draiva ya kadi za Realtek. Majina ya vigezo utayahakiki kwa `modinfo -p` na jina la moduli.

Isiporudi, shika bisibisi. Hivi karibuni dada mmoja wa Kigamboni, anakaa karibu kabisa na bahari, aliniletea laptop ambayo waifai inapotea kila ikipata joto. Meno ya dhahabu ya kadi yalikuwa yamefifia, mawili yana ukijani pembeni. Chomoa betri, piga picha nyaya za antena, zing'oe kwa kuzinyanyua wima. Sugua meno taratibu kwa raba ya penseli, futa vumbi lake kwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke. Ukirudisha, bonyeza antena mpaka usikie kamlio.

Ikibidi kununua kadi nyingine Kariakoo, soma namba, usisome umbo. AX200 na AX201 ukiziweka mezani zinafanana, lakini AX201 inategemea prosesa ya Intel inayoiunga mkono. Kwenye laptop ya AMD haitafanya kitu. Na kama unataka ya USB, yenye chipu ya MT7612U imo ndani ya keneli tangu 4.19, huhitaji kujenga draiva yoyote. Muuzaji akisema "zote sawa tu, bosi", mwombe uichomeke palepale uandike `lsusb`.