Udaktari wa Elimu ya Kusoma na Kuandika: Anzia kwa Mtoto Mmoja Darasani Kwako

Walimu wenzangu hunisimamisha pale feri ya Likoni, wengine hunipigia simu usiku, na swali ni lilo hilo: nataka udaktari wa elimu upande wa kufundisha kusoma na kuandika, nianzie wapi? Wengi huwa wameshakusanya majina ya vyuo na karo zake. Mimi huwauliza jambo jingine kwanza. Ni mtoto gani aliyekukosesha usingizi?

Wangu alikuwa kijana wa Gredi ya 3. Nilikuwa nampima kusoma kwa dakika moja, saa mkononi, penseli juu ya karatasi ya alama. Kifungu kilisema baba amenunua mchele, amepita njia ya sokoni, vumbi likamwingia machoni. Kijana akasoma "mtele", akasoma "ndia", na alipofika kwenye macho akayaita "mato". Kila mara nilipiga mkwaju, yaani mstari wa mshazari juu ya neno, maana maagizo yalisema neno lisilosomwa kama lilivyoandikwa ni kosa. Dakika ilipokwisha nikamwambia anisimulie. Akanisimulia yote, hata kwa nini yule baba alirudi nyumbani amekasirika. Kiwango cha msomaji fasaha wa Kiswahili kilikuwa maneno 45 kwa dakika, naye alikuwa karibu kabisa na mstari. Mikwaju yangu ndiyo iliyomshusha.

Hebu fikiria. Mtoto wa Mvita anasoma kwa lugha ya nyanyake, yaani Kimvita, lahaja ya Mombasa, lugha ambayo Muyaka bin Haji aliitungia mashairi mwanzoni mwa karne ya 19, nasi tunamwandika kuwa hajui kusoma. Na mkutano uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulikaa hapahapa Mombasa, mwaka 1928. Sipingi Kiswahili sanifu. Nakifundisha kila siku na nataka kila mtoto akijue. Lakini kosa la kusoma na tofauti ya lahaja ni vitu viwili, na karatasi yangu haikuwa na nafasi ya kuvitenganisha.

Hapo ndipo nilipopata mada. Ukishapata yako, iandike kwa sentensi moja ambayo mwalimu wa darasa jirani na lako ataielewa bila kuuliza. Usiandike "changamoto za usomaji katika kaunti ya Mombasa". Hiyo haina mtoto ndani yake.

Sasa aina ya shahada. EdD, yaani huo udaktari wa elimu, ambayo Harvard ilianza kuitoa mwaka 1921, ni shahada ya uzamifu kama PhD. Tofauti iko kwenye swali unaloliuliza. PhD hutaka uongeze jambo jipya katika taaluma. EdD hutaka uchukue tatizo la kazini kwako, ulichunguze kwa mbinu za utafiti, ujaribu kulitatua, useme kwa ushahidi kilichobadilika. Vyuo vya Marekani vilivyoungana tangu 2007 katika mradi wa Carnegie wa kuitengeneza upya shahada hii vimeliweka tatizo la kazini katikati ya tasnifu. Kama ndoto yako ni kuwa mhadhiri hapa Kenya, fikiria PhD kwa uzito, maana ndiyo inayozoeleka zaidi vyuoni mwetu. Kama unataka kubaki na walimu na watoto, EdD imekatwa kwa kipimo chako.

Kuhusu chuo, nisikilize vizuri kwa sababu hapa niliumia. Wakala mmoja mjini alinielekeza kwa chuo cha nje, nikalipa ada ya maombi, kisha nikagundua hakitambuliwi hata kwao. Kabla ya kutoa shilingi, hakikisha chuo kina ithibati ya nchi yake, halafu iulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada yake itatambuliwa Kenya. Uliza kwa barua, upate jibu la maandishi. Kisha tazama orodha ya wahadhiri: je, yupo aliyetafiti usomaji wa watoto wenye lugha mbili au tatu? Mimi msimamizi wangu hakujua Kiswahili, na kwa miezi mingi tuliongea kama watu walio ng'ambo mbili za kivuko. Nilidai msimamizi mwenza kutoka chuo cha Kenya, na kazi ikapata roho. Wewe dai mapema.

Angalia na saa za vipindi. Kipindi cha saa moja jioni New York kwetu ni saa nane usiku, na kuanzia Novemba ni saa tisa. Cha saa kumi na mbili jioni London ni saa mbili au saa tatu usiku, hicho unaweza kukihudhuria na asubuhi ukafundisha. Barua za wadhamini na nakala za matokeo utazishughulikia. Hakikisha tu jina lako limeandikwa namna moja kila mahali. Mambo ya likizo ya masomo, mwandikie mwajiri kabla ya kukubali nafasi.

Vibali ndivyo vinavyowachosha watu, na kisa ni mpangilio. Nilipoteza muhula mzima kwa kuomba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kabla sijawa na cheti cha kamati ya maadili. Pendekezo lipitishwe kwanza na chuo, kisha kamati ya maadili, kisha NACOSTI, ndipo uende kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, halafu kwa mwalimu mkuu, halafu wazazi. Na mtoto mwenyewe aulizwe pia, kwa maneno yake. Kama utarekodi sauti, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto.

Fomu ya ridhaa nilitafsiri kutoka ile ya chuo. Iliandikwa kwamba mzazi anaweza kumwondoa mtoto wakati wowote bila adhabu. Mama mmoja wa Majengo aliisoma, akaiweka mezani, akaniangalia.

"Mwalimu, adhabu ya nini tena? Mwanangu kafanya nini?"

Niliona haya. Nikarudi nyumbani nikaandika upya: "Ukitaka asiendelee, niambie siku yoyote. Hatapunguziwa alama wala hatatolewa darasani." Msomee mtu wa nyumbani fomu yako kwa sauti kabla hujaipeleka kwa kamati.

Katika kukusanya data, ujue ratiba ya mtoto wa Mombasa. Mchana na wikendi wengi wako madrasa. Mwezi wa Ramadhani usimpime mtu kusoma saa tisa alasiri. Na uulize mtoto amefika wapi madrasa, uandike kwenye kadi yake. Nimesoma ripoti zinazosema watoto wetu huja shule bila uzoefu wowote wa kusoma, ilhali mtoto huyo ameshasoma Juzuu Amma yote, yaani juzuu ya mwisho ya Kurani, herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Huo ni uzoefu wa kusoma.

Njia yangu ilikuwa nyepesi: mkwaju kwa kosa, duara kwa lahaja. Walimu wawili walisikiliza rekodi ileile, kila mmoja peke yake, kisha tukalinganisha karatasi. Pale walipotofautiana tulibishana mpaka kahawa ikapoa, na mabishano yale ndiyo yaliyojaza sura yangu bora. Weka kumbukumbu za vikao hivyo siku ileile. Ukingoja wiki utaandika unachotamani kiwe kilisemwa.

Uandishi nilikuwa naufanya baada ya swala ya alfajiri, ukurasa mmoja, kabla nyumba haijaamka. Muhula wa mitihani nilikuwa napata nusu ukurasa. Usiache siku tatu zikapita, kwa sababu siku ya nne utaanza kwa kusoma upya kila kitu.

Ukishatetea tasnifu, NACOSTI watataka nakala ya ripoti ya mwisho, nawe uipeleke. Kisha andika kurasa mbili za Kiswahili kwa ajili ya wazazi waliokupa watoto wao, uzipeleke kwa mkono. Nilipompelekea yule mama wa Majengo, alimwita mwanawe aje amsomee. Kijana akasimama mlangoni, akasoma mpaka mwisho. Kwenye "njia" alisema "ndia", na mamake akaendelea kusikiliza.