Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, fanya hivi

Jamani wazazi, hii tabia ya kumtapisha mtoto akinywa sumu bado ipo sana mitaani na inaniuma kweli. Kwa jirani yangu mtoto wa miaka miwili alikuta mafuta ya taa kwenye chupa ya soda chini ya meza, akapiga funda, nafika anakohoa, mdomo unanuka taa, na tayari mmoja kashika kikombe cha maji ya chumvi mwingine anataka kumtia kidole kooni. Nikawaambia acheni jamani, acheni.

Mafuta ya taa ni mepesi mno, mtoto akitapika yanapanda halafu yanaingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Jiki kali, asidi au magadi makali ya kutengenezea sabuni vinaunguza koo vikishuka, ukimtapisha vinaunguza tena vikipanda. Na chumvi nyingi yenyewe ni sumu, inaweza kumletea degedege na kumuua.

Kwahiyo: mtoe mafuta mdomoni kwa kitambaa, mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa sabuni na maji. Usimlazimishe kunywa kitu, hata maziwa, maana yanaweza kumtapisha. Akilegea mlaze kiubavu. Beba ile chupa uende nayo hospitali saa hiyo hiyo hata kama anacheza, kwa sababu kukohoa na kupumua haraka haraka kunaweza kuanza masaa baadaye.

Najua mtu atasema mbona wazee walitapisha. Ni kweli, na madaktari wa Ulaya pia, waliamini ugonjwa ni uchafu wa mwilini utolewe, wengine walilaza divai usiku kucha kwenye kikombe cha madini ya antimoni, asubuhi mgonjwa anainywa anatapika, na antimoni ni sumu! Iliyovuma zaidi ni ipekakuana, mzizi wa Brazili, jina lenyewe ni la Watupi, wenyeji wa huko. Iliandikwa kwenye kitabu cha Ulaya 1648, na Paris daktari mmoja, Helvetius, akaifanya siri yake ya kutibu kuhara damu mpaka Mfalme Louis XIV akainunua siri hiyo 1688. Mwaka 1817 wakapata ndani yake emetini, ndiyo inayotapisha.

Marekani 1965 waliruhusu sirapu ya ipekakuana ya kutapisha iuzwe bila cheti, vichupa vya mililita 30, wazazi wakaiweka kabatini miaka na miaka. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto wa huko kikasema msiiweke tena nyumbani, haijaonekana kuwasaidia watoto waliokula sumu. Sasa kama dawa yenyewe imewekwa pembeni, sembuse chumvi na kidole?

Ukimaliza kusoma nenda jikoni, mafuta ya taa yatoe kwenye chupa ya soda, weka kwenye dumu lenye kifuniko kinachobana, juu asipofika.