Wafupi wa jimu, shusheni ndoano kwanza

Jamani wafupi wenzangu mnaobeba vyuma hapa Mwanza, naomba tusaidiane kwenye hili. Stendi za skwati (kuchuchumaa na kunyanyuka ukiwa na mzigo mabegani) zinazochomelewa na mafundi wetu mara nyingi zinakaa kwa kipimo cha mtu mrefu, unamkuta dada wa watu anachuchumia ili autoe mti, yani kile chuma kirefu kinachovishwa uzito, kwenye ndoano za stendi, kuutoa anaweza lakini kuurudisha miguu ikiwa imeshachoka ndo hatari yenyewe, unaweza kuikosa ndoano ya upande mmoja na mzigo ukakulalia.

Mti ukae usawa wa kwapa au chini kidogo, yani ukunje magoti kidogo kuingia chini yake halafu unyanyuke nao. Ukikosa tundu la ndoano linalokufaa chagua la chini, usichague la juu. Na kama ndoano hazishuki, mwombeni mwenye jimu aite fundi achomelee jozi nyingine chini, ni kazi ndogo tu. Tofali la kusimamia hapana kabisa, maana ukishautoa mti lazima urudi nyuma.

Kwenye benchi, ukilala kusukuma mti juu, miguu ikining'inia weka pleti (chuma cha duara cha uzito) ya kilo 20 chini ya kila mguu, nyayo zikanyage zote.

Kuvuta mti toka chini hapo tuna nafuu, pleti za saizi ya mashindano zina kipenyo cha sm 45 kwahiyo mti unakaa sm 22.5 toka sakafuni kwa kila mtu. Pleti zikiwa ndogo weka mbao pana chini yake, pande zote mbili ziwe na unene sawa.