Namna ya Kuzuru Makumbusho Madogo na Kuacha Maoni Yenye Faida

Katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe iliyogeuzwa makumbusho, kitu cha kwanza kutazamwa ni nyumba yenyewe, nayo aghalabu haikubandikwa maelezo yoyote. Usikimbilie makabati ya vioo. Simama barazani, piga hodi, msalimu mlinzi, kisha utazame mlango: ukiwa na kizingiti cha juu kilichonyooka, huenda ni wa zamani kuliko ule wa upinde, ambao ulienea Unguja mwishoni mwa karne ya 19.

Ukishaingia, inua macho uzitazame boriti. Ni miti ya mikoko, na kwa kuwa mkoko hautoi boriti ndefu ya kubeba dari pana, mafundi walijenga vyumba virefu lakini vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Halafu zikague kuta za mawe na chokaa. Mahali ambapo lipu imevimba na kubambuka, uliza kama paliwahi kuzibwa kwa saruji, kwani saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta, ilhali chokaa huuachia utoke. Jambo hili si dogo: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la zamani hapo Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, tena ikiwa katika ukarabati.

Vitu vilivyopangwa ndani havihitaji kutazamwa vyote. Chagua kimoja au viwili, dele la kahawa au sanduku la njumu, umuulize anayekutembeza kwa adabu: "Shikamoo, Bi. Hiki kilikaa chumba gani, na nani alikitumia?" Mara nyingi jawabu lake hushinda kibandiko.

Sasa kitabu cha wageni. Wengi huandika "Pazuri sana, ahsanteni" wakaondoka, na maneno hayo hayamfai mhifadhi kwa lolote. Taja chumba, taja kitu, taja ulichojifunza. Kwa mfano, wageni wanaosoma habari za Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, huishia kusifu kisa cha mapenzi yake na Mjerumani. Mimi ningependa kuona mtu ameandika kuhusu kalamu yake: alijifunza kuandika kwa siri, akinakili maneno ya Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, na mwaka 1859 akawa mwandishi wa barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya Sultan Majid. Maoni ya namna hiyo humwonesha mhifadhi ni maelezo gani yanasomwa na yapi yanarukwa.

Lawama nayo iandike, ila iwe na mahali pake: "ngazi ya kupandia ghorofa ya pili haina taa" hurekebishika, lakini "huduma mbovu" haimwelekezi mtu popote. Weka tarehe na mji unaotoka. Kalamu ikiwa imekauka, kama ilivyonitokea zaidi ya mara moja, mwombe mlinzi nyingine papo hapo. Usijiahidi kwamba utaandika nyumbani, kwa sababu hutaandika.