Somo: Kupeana fanfiki, namna ya kuingia na kutoka salama

Asalam alaykum jamani. Nshaulizwa sana inboksi hichi kitu cha kupeana hadithi kinakwendaje, bas leo nimekaa nikaandika mara moja ili mnipumzishe, natania. Mie niko Wete, nshacheza mara nne, na mara moja nilifanya madudu ambayo ntayasema hapo chini msije mkayarudia.

Fanfiki mnaijua, hadithi unayoitunga wewe kwa wahusika ambao sio wako, iwe Abunuwasi, iwe Sungura na Fisi, iwe wale wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili ambazo bibi zetu wanazililia kila jioni. Kupeana sasa ni kama upatu, kila mtu anatoa, kila mtu anapokea, na kuna kijumbe anaesimamia. Tofauti ni kwamba unaemuandikia wewe sie anaekuandikia, yaani mie nampa mtu wa Tumbatu, na mie napewa na mtu simjui kabisa mpaka siku majina yanapotajwa. Utamu wenyewe ndo huo.

Upatu mkubwa wa dunia unaitwa Yuletide, upo tangu 2003, ni wa wahusika wasioandikwa sana, hadithi isipungue maneno 1,000, zinafunguliwa 25 Disemba na majina ya waandishi yanatoka 1 Januari. Unachezwa AO3 (Archive of Our Own), lile jumba la hadithi la mtandaoni, la bure, lisilo matangazo. Vikundi vidogo vidogo navyo vinatumia AO3 hiyohiyo na mtindo huohuo, kwa hivyo ukijua mmoja umejua yote.

Hatua ya 1, akaunti. Fanya mapema khasa, AO3 hawakufungulii papo hapo, unaweka imeili unakaa foleni ya mualiko. Kuna watu wanakumbuka siku ya mwisho ya kujiandikisha alafu wanakuja kunililia mie.

Hatua ya 2, sheria na saa. Soma sheria zote hata kama ndefu. Na saa iangalie vizuri, vijumbe wengi wanaandika saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, sie tuko mbele masaa 3. Ukiona 23:59 UTC ya tarehe 10, kwetu hiyo ni saa nane na dakika 59 za usiku, tarehe ishaingia 11. Ukija na hesabu yako kwamba ni saa sita kasoro dakika moja ya usiku, hapo umejiharakisha bure wala hujachelewa, lakini yupo mwenzetu alieihesabu vibaya akapitwa.

Hatua ya 3, fomu. Ina pande mbili, unachoomba na unachoweza kuandika. Mashine inakuoanisha na mtu kwa kile mlichogongana, angalau kimoja, na waliobaki peke yao kijumbe anawapanga kwa mkono. Kwa hivyo usijaze "naweza" ili uonekane fundi. Ukisema unaweza kumuandika Fisi, utapewa Fisi, na wiki sita utakaa nae nyumba moja.

Hatua ya 4, barua. Hapa ndo wengi wanapokosea. Barua ni ile unayomuandikia muandishi wako usiemjua kumwambia unapenda nini. Nimewahi kupata iliyosema "napenda chochote, asante". Chochote nini sasa? Nilikaa siku tatu naiangalia. Andika hivi: namtaka Abunuwasi akiwa mzee, miguu inamuuma, ila ulimi bado mkali, nipe mabishano ya barazani na kahawa. Hapo mtu keshaona sura. Alafu weka orodha ya usivotaka, kwa ufupi, bila kujieleza: sitaki kifo cha mtoto, sitaki talaka, sitaki mnyama afe. Orodha hiyo ni amri. Yale ya unachopenda ni fununu tu, muandishi akiyafata sawa, asipoyafata hajakosa, mradi amekupa mhusika uliemuomba.

Hatua ya 5, kuandika. Haya ndo madudu yangu. Niliempata aliomba Abunuwasi na punda wake, na kwenye usivotaka kaandika wazi mnyama asife. Mie barua niliisoma mara moja siku ya kwanza nikaifunga. Ilikuwa msimu wa karafuu, mchana kutwa niko kwenye jamvi nachambua, karafuu huku, makonyo huku, simu iko pajani, vidole vyeusi mpaka kioo kinanata, na hadithi inanijia tamu hiyo, nacheka peke yangu mama ananiangalia. Punda nikamuua aya ya tatu! Hadithi yote ikasimama juu ya matanga yake, Abunuwasi anakusanya rambirambi mtaa mzima. Namshukuru shoga yangu wa Chake, nilimtumia aisome zimebaki siku mbili, akanijibu neno moja, "punda?" Nikafungua barua, nikahisi damu imeniganda. Ikabidi punda afufuke.

Kwa hivyo tafuta mtu wa kukusomea kabla, wenyewe wanamwita beta, na mpe na ile barua, sio hadithi peke yake. Na wewe barua isome mwanzo, kati na mwisho.

Hatua ya 6, kuweka. Ingia kwenye ukurasa wa kazi uliyopangiwa uwekee palepale, ndo itamfikia mwenyewe na itakaa imefichwa mpaka siku yake. Lugha chagua Kiswahili, kimo kwenye orodha. Ukiiacha rasimu haihesabiki, na rasimu AO3 wanaifuta baada ya mwezi, kwa hivyo nakala yako iweke kwengine.

Hatua ya 7, siku ya kufungua soma yako, shukuru siku ileile.

MASWALI

Wa Mkoani: Dada, nikishindwa katikati, mfano kuna msiba, nafanyaje?
Jibu: Pole kabla halijatokea. Mwambie kijumbe mapema au bonyeza kitufe cha kujitoa kwenye kazi yako, wala huulizwi sana. Kuna watu wanakaa tayari kuziba pengo. Kibaya ni kunyamaza, maana mwenzio atakaa siku ya kufungua mikono mitupu. Wapo vijumbe wanaomzuia alienyamaza asicheze mwakani, na mie nawaunga mkono.

Wa Bububu: Sina kompyuta mie, simu tu.
Jibu: Zote nne nimeandika kwa simu. Andika kwenye noti, kopi, bandika. Usiandike moja kwa moja kwenye ukurasa, bando likikata imekwenda.

Wa Jambiani: Niliempata anapenda mapenzi mazito na mie hayo siandiki.
Jibu: Huandiki. Fununu tu hiyo. Mpe mhusika wake, epuka asivotaka, umemaliza.

Wa Kwahani: Niliepewa ni fupi na haina ladha kusema kweli, nami nimetoa maneno 4,000!
Jibu: Shoga, tafuta sentensi moja uliyoipenda uitaje hiyo. Ipo. Na usipige hesabu ya maneno, hukuuza kitambaa.

Wa Konde: Ruhusa kumuandikia mtu ambae sikupangiwa? Barua yake imenivutia.
Jibu: Mashallah, ruhusa kama kijumbe amefungua mlango huo, na wengi wanafungua. Hiyo ni nyongeza, kama tungule mbili anazokutilia muuzaji juu ya fungu. Ila maliza deni lako kwanza.

Wa Makunduchi: Na yule punda aliishia wapi?
Jibu: Alikuwa kalala tu. Kaamka katikati ya dua akala kofia ya kadhi. Mwenyewe aliniandikia mistari kumi na tatu ya shukrani, kumi yote ya punda.