Rangi ifuate mkulima, si mstari: kupaka makundi kwenye Excel

Kila mwisho wa mwezi, kwenye kituo chetu cha kukusanya maziwa huku Rungwe, mimi ndiye ninayeandaa orodha ya malipo. Maziwa yanapimwa asubuhi na jioni, kwa hiyo mkulima mmoja anaweza kuwa na mistari 58 kwa mwezi. Mwingine ng'ombe wake kakaushwa (kaachishwa kukamuliwa) katikati ya mwezi, ana mistari 9 tu. Ukishapanga orodha yote unapata karatasi ndefu ya namba zinazofanana, na jicho halijui mkulima mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

Mwezi mmoja nilijumlisha mstari wa kwanza wa mkulima wa jirani pamoja na mistari ya mama mmoja. Alipoitwa dirishani akaangalia karatasi, akasema, "Mwanangu, hizi lita si zangu. Mimi nina ng'ombe mmoja, lita kumi na nane asubuhi nitazitoa wapi?" Nikamwomba radhi, tukahesabu upya pale pale huku foleni ikisubiri. Yeye alikuwa anarudisha fedha ambazo zingemwingia mfukoni, na yule jirani angepunjwa bila kujua. Tangu siku hiyo siprinti orodha ambayo haijapakwa rangi kwa makundi.

Huenda utasema Excel ina mitindo ya jedwali inayopaka mstari mmoja ndiyo, mmoja hapana. Ni kweli, na inapendeza kwa macho, lakini inahesabu mistari bila kujali ni ya nani. Tunachotaka ni mistari yote ya mkulima wa kwanza iwe na rangi, yote ya mkulima wa pili iwe nyeupe, ya tatu rangi tena, hata kama mmoja ana mistari 58 na mwingine 9. Kazi hiyo inafanywa na uumbizaji wa masharti: unaipa Excel sharti, nayo inapaka seli yenyewe pale sharti linapotimia.

Katika mfano wangu safu ziko hivi: A ni Namba ya mkulima, B Jina, C Tarehe, D Zamu, E Lita. Vichwa vya safu viko mstari wa 1, na data inaanza mstari wa 2.

Hatua ya 1: Panga orodha na usafishe namba

Makundi hayawezi kupakwa kama mistari ya mkulima mmoja imetawanyika. Bonyeza popote ndani ya data, nenda "Data", kisha "Sort", panga kwa Namba, halafu ongeza ngazi ya pili upange kwa Tarehe.

Tumia namba, usitumie jina. Huku kwetu akina Mwakyusa ni wengi, na wawili wakifuatana kwenye orodha Excel itawaona ni mtu mmoja. Tena jina hilo hilo likiandikwa safari moja na nafasi mwishoni na safari nyingine bila nafasi, mtu mmoja atagawanyika wawili. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, Excel haizitofautishi katika ulinganisho huu. Nafasi ndiyo inayoleta tabu.

Namba nazo zina mtego wake. Mtu akiandika 14 kama namba, na mwingine akabandika 14 iliyotoka kwenye programu nyingine ikiwa ni maandishi, kwa macho ni kitu kimoja lakini kwa Excel ni vitu viwili. Utaiona kwa pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli. Dawa yake: chagua safu nzima ya A, nenda "Data", "Text to Columns", halafu bonyeza "Finish" moja kwa moja bila kugusa kitu kingine. Zote zinakuwa namba, kisha panga orodha tena kama mwanzo. Kama mnapenda namba zisomeke 014 badala ya 14, acheni umbizo lifanye kazi hiyo: chagua safu, fungua "Format Cells", kwenye "Custom" andika 000.

Hatua ya 2: Safu ya msaidizi

Kwenye F1 andika Kundi. Kwenye F2 andika fomula hii:

=IF(A2=A1,N(F1),1-N(F1))

Kisha bonyeza mara mbili kile kimraba kidogo kilicho kwenye kona ya chini kulia ya seli F2. Fomula itashuka hadi mwisho wa data.

Tuisome taratibu, kwa sababu ukiielewa hii hutahitaji kukariri kitu. Inauliza: je, namba ya mkulima kwenye mstari huu ni sawa na ya mstari wa juu? Kama ni sawa, bado tuko kwa mtu yule yule, basi chukua thamani ya juu. Kama si sawa, tumeingia kwa mtu mpya, basi geuza: moja iwe sifuri, sifuri iwe moja.

Tuseme mkulima namba 7 yuko mstari wa 2 hadi wa 4, namba 12 yuko mstari wa 5 na wa 6, na namba 15 anaanza mstari wa 7. Kwenye F2, Excel inalinganisha 7 na neno "Namba" lililoko juu. Hazifanani, kwa hiyo inageuza. Lakini inageuza nini, wakati juu yake kwenye F1 kuna neno "Kundi"? Hapo ndipo N inapofanya kazi yake, maana inapokutana na maandishi inayahesabu kuwa sifuri. Moja toa sifuri, F2 inakuwa 1. F3 na F4 zinarithi 1. Mstari wa 5 namba imebadilika, inakuwa 0. Mstari wa 6 unarithi 0. Mstari wa 7 unarudi kuwa 1.

Wengi wanafundisha kuandika 1 kwa mkono kwenye F2 na kuanzisha fomula kwenye F3. Siipendi njia hiyo. Siku utakapopanga orodha upya, ile 1 ya mkono itahama na mstari wake hadi katikati ya karatasi na kuvuruga makundi. Fomula iwe moja kwa mistari yote.

Wasomaji wa Kongo na Burundi wenye Excel ya Kifaransa, IF kwenu ni SI, na mara nyingi panapowekwa mkato ninyi mnaweka nukta mkato:

=SI(A2=A1;N(F1);1-N(F1))

Hatua ya 3: Sharti lenyewe

Kwanza chagua eneo litakalopakwa. Usiburute panya. Kushoto kwa sehemu ya kuandikia fomula kuna kisanduku kinachoonyesha jina la seli uliyopo. Bonyeza humo, andika A2:F1500, kisha Enter. Eneo lote linachaguliwa, na seli hai, yaani seli uliyopo, inabaki A2. Hilo la seli hai lina uzito, kwa sababu Excel itasoma fomula yako kana kwamba umeiandikia seli hiyo. Ukichagua kwa kuburuta kutoka chini kwenda juu, seli hai inakuwa ya chini, na rangi zote zitakaa mahali pasipo pake.

Sasa nenda "Home", "Conditional Formatting", "New Rule". Chagua ile ya mwisho, "Use a formula to determine which cells to format". Kwenye kisanduku andika:

=AND($A2<>"",$F2=1)

Bonyeza "Format", ingia "Fill", chagua rangi, OK, OK.

Sehemu ya $A2<>"" inazuia mistari mitupu ya chini isipakwe. Ukiiacha, na fomula ya Kundi umeivuta kupita mwisho wa data, unaweza kukuta mamia ya mistari mitupu yenye rangi.

Alama ya dola ndiyo inayowakwamisha watu wengi, basi tuitazame kwa karibu. Kwenye $F2, dola imeifunga herufi F na kuiacha namba 2 huru. Maana yake: seli yoyote ya mstari huu, iwe ya A au ya E, iende kuangalia safu ya F, lakini ya mstari wake yenyewe. Makosa yanajitangaza yenyewe kwa namna yanavyoonekana. Ukiona safu ya A peke yake ndiyo iliyopakwa, umesahau dola mbele ya F: seli ya B imekwenda kuangalia G, haikukuta kitu. Ukiona data yote imepakwa, umeweka dola mbili, $F$2, na kila seli inaangalia mstari wa 2 tu. Hili la pili hutokea unapobonyeza seli badala ya kuandika, kwa sababu Excel huweka dola zote mbili yenyewe.

Na kama ukiwa ndani ya kisanduku hicho unabonyeza mshale wa kushoto ili urekebishe herufi, badala yake Excel ikakuingizia majina ya seli, bonyeza F2 kwenye kibodi kwanza. Mshale utatulia.

Rangi iwe hafifu. Mimi natumia kijivu chepesi, kile cha kwanza chini ya nyeupe. Njano na kijani kibichi zinachosha macho, na namba zilizoandikwa kwa wino wa printa inayoishiwa hazisomeki juu yake.

Hatua ya 4: Mstari wa mpaka

Hii si lazima, ila mimi siachi. Chagua eneo lile lile, tengeneza sharti la pili:

=$A2<>$A1

Kwenye "Format" nenda "Border", weka mstari wa juu. Kila mkulima mpya anaanza chini ya mstari mwembamba. Mstari mnene hautaupata, uumbizaji wa masharti hauruhusu, lakini mwembamba unatosha. Hata nakala ikipigwa fotokopi mara tatu hadi kijivu kikafifia, mpaka unabaki.

Yanayoharibika baadaye

Karatasi hii itaguswa na watu wengine, na kuna mambo matatu utakutana nayo.

La kwanza, mtu akifuta mstari. Fomula ya mstari uliofuata ilikuwa inaangalia mstari uliofutwa, sasa inaandika #REF!, na kila mstari wa chini yake unarithi kosa hilo. Utaona rangi zimekatika ghafla kuanzia mahali fulani hadi mwisho. Rudi F2, bonyeza mara mbili kile kimraba, fomula zote zinapona. Mtu akiingiza mstari mpya katikati, dawa ni hiyo hiyo.

La pili ni kunakili na kubandika. Ukibandika kawaida, unabandika na uumbizaji, na Excel inaanza kuyakata masharti yako vipande vipande. Baada ya miezi michache fungua "Conditional Formatting", "Manage Rules", chagua "This Worksheet", utakuta masharti ishirini badala ya mawili. Yafute yote, uweke upya yale mawili. Ili lisijirudie, zoea kubandika kwa "Paste Special", "Values".

La tatu ni mtu kufuta safu ya F kwa kuiona haina maana. Wengine huificha. Mimi naiacha ionekane kwa herufi za kijivu, na kwenye kichwa chake badala ya Kundi nimeandika "Kundi - usifute".

Ukichuja orodha uone wakulima wachache tu, wawili wenye rangi moja wanaweza kukaa pamoja. Hilo si kosa, waliokuwa katikati yao wamefichwa, na ule mpaka utakusaidia kuwatenganisha.

Bila safu ya msaidizi

Inawezekana. Sharti ni hili:

=AND($A2<>"",ISODD(SUMPRODUCT(--($A$2:$A2<>$A$1:$A1))))

Linahesabu namba imebadilika mara ngapi tangu mwanzo hadi mstari huu, na kupaka pale hesabu inapokuwa witiri. Uzuri wake ni kwamba halivunjiki mstari ukifutwa. Ubaya wake ni kwamba kila mstari unahesabu upya kutoka juu: mstari wa 1400 unafanya ulinganisho 1399, tena kwa kila seli ya mstari huo. Kwa orodha ya mistari 200, litumie. Kwa orodha ya mwezi mzima ya kituo chetu, kompyuta tuliyonayo inakuwa nzito ukishuka na kupanda, ndiyo maana nimebaki na safu ya msaidizi.

Kwenye Google Sheets

Fomula ni zile zile. Chagua eneo, nenda "Format", "Conditional formatting", kwenye "Format cells if" shuka hadi "Custom formula is", andika sharti la Hatua ya 3. Usiende kwenye "Alternating colors", hiyo inapaka mstari kwa mstari kama mitindo ya jedwali ya Excel. Ile ya mpaka haitakubali, kwa sababu uumbizaji wa masharti wa Google hauna mistari ya mpaka. Tegemea rangi tu.

Kabla ya kuprinti

Chagua mkulima mmoja wa katikati mwenye mistari mingi. Badilisha namba yake kwenye mstari mmoja uwe na namba isiyokuwepo, kwa mfano 999. Kundi linapaswa kukatika hapo hapo, na mstari huo kuwa na rangi tofauti na ule wa juu yake. Bonyeza Ctrl+Z urudishe.

Kisha fungua "Page Setup". Kwenye "Sheet", chini ya "Rows to repeat at top", weka $1:$1 ili vichwa vijirudie kila ukurasa. Hapo hapo angalia kisanduku cha "Black and white": kikiwa na tiki, rangi zote za seli hazitatoka kwenye karatasi, hata kama kwenye skrini unaziona. Ondoa tiki hiyo, halafu printi ukurasa mmoja kwanza.