Unatafuta ukoo wako? Anza na bibi

Jamani anza na wazee, tena mwezi huu huu, kaa na bibi washa rekoda ya simu umuulize baba yake aliitwa nani, alitokea kijiji gani, kazikwa wapi. Mwaka wa kuzaliwa hataujua, we muulize huyo baba yake alizaliwa kabla au baada ya vita ya Mjerumani, ile ya 1914 mpaka 1918, hapo unapata makadirio mazuri tu. Kama ni Wakatoliki nenda parokiani uombe kuangalia daftari la ubatizo, lina majina ya wazazi na wasimamizi, na msimamizi anaweza kuwa shangazi ambaye hakuna aliyewahi kukutajia! Jina moja utalikuta na spelingi tatu, andika zote.